African Storybook kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu: hadithi ni bure, kitabu utakitengeneza mwenyewe

Mzazi anayetaka kumsomea mtoto mchanga nyumbani kwa Kiswahili hukwama mapema. Vitabu vya kurasa ngumu madukani vingi ni vya Kiingereza, vina theluji na dubu, na bei yake inauma. Vya Kiswahili vya bei nafuu vimechapwa kwenye karatasi laini kwa ajili ya mtoto wa chekechea, na mtoto wa miezi tisa hukimaliza kimoja kwa dakika kumi, nusu akiichana na nusu akiila.

Ndipo watu huelekezana African Storybook, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Hadithi ni za bure, ziko katika lugha nyingi za Afrika, na Kiswahili kina rafu iliyojaa. Picha zimechorwa kwa macho ya huku: mama na khanga, sufuria juu ya mafiga, kuku uani. Kila hadithi inatolewa kwa leseni huria, kwa hiyo unaruhusiwa kuipakua, kuichapa, kuifasiri na hata kuibadilisha, mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Baadhi ya leseni haziruhusu biashara, hivyo anayetaka kuuza nakala asome ukurasa wa mwisho kwanza.

Hukumu yetu ni hii: kama ghala la picha na hadithi, ni bora kuliko chochote cha bure tulichokiona kwa Kiswahili. Kama kitabu cha mtoto wa chini ya miaka mitatu, ukikichukua kilivyo, hakifai. Mradi ulilenga watoto wanaojifunza kusoma shuleni, na hilo huonekana mara moja. Hadithi zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia maneno ya mwanzo hadi hadithi ndefu za kusomewa na mtu mzima. Kwa umri huu acha ngazi ya tatu kwenda juu. Kaa ngazi ya kwanza, na humo pia uchague kwa jicho kali. Unachotafuta ni picha yenye kitu kimoja au viwili, mandhari tupu nyuma, na jambo ambalo mtoto analiona kila siku: kula, kuoga, wanyama wa nyumbani, viungo vya mwili. Picha ya soko lenye watu ishirini ni nzuri kwako, kwa mtoto wa mwaka mmoja ni vurugu tu.

Kiswahili chenyewe hakina kiwango kimoja. Tafsiri nyingi zimefanywa na watu wa kujitolea, na ipo sentensi inayosomeka kama Kiingereza kilichovaa kanzu. Hadithi zilizopitiwa na wahariri wa mradi huwekewa alama ya kuidhinishwa. Anza na hizo. Kisha isome kwa sauti kabla ya kuichapa. Ulimi ukijikwaa, badilisha, ruhusa unayo.

Kuna kosa jingine ambalo si la tovuti hii peke yake. Vitabu vingi vya maneno ya mwanzo huweka neno moja pekee chini ya picha: kuku, kikombe, mti. Katika Kiswahili hapo mtoto anapunjwa. Lugha yetu inakaa kwenye upatanisho: kuku mdogo, kikombe kidogo, mti mdogo, kuku huyu, kikombe hiki, mti huu. Mtoto hufundishwa m-, ki- na hu- na sikio lake, muda mrefu kabla mtu hajamwambia kwamba kuna ngeli. Kwa hiyo neno moja lifanye mawili au matatu: "Kikombe hiki chekundu. Kimeanguka!" Anayefuta sentensi ya tovuti na kuandika yake kwa kalamu nene hapotezi kitu.

Kuhusu programu ya African Storybook ya kusomea kwenye simu: ni nyepesi, na hadithi ukishaipakua inafunguka bila bando. Itumie kuchagulia. Kumshikisha mtoto simu ni jambo jingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja wala wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili unaweka ukomo wa saa moja kwa siku, pungufu yake ni bora. Tena mtoto wa umri huu anajifunza kwa kufunua na kurudia ukurasa. Kioo hakifunuliwi.

Sasa kazi yenyewe. Chagua jalada na picha sita, ongeza ukurasa wa leseni, jumla nane. Chapa mbili kwa kila A4, karatasi nne tu. Kopi ya rangi utaipata kwenye steshenari. Uliza kama mashine inatumia tona (wino wa unga mkavu) au wino wa maji. Hili linaharibu kazi za watu wengi kuliko jingine lolote: wino wa maji ukiguswa na gundi unachuruzika, uso wa mtoto kwenye picha unageuka bluu. Lowesha kidole, futa pembeni mwa nakala ya kwanza. Ukiacha doa, nenda duka la pili.

Kadi itoke kwenye maboksi membamba, ya nafaka au majani ya chai, na si boksi la soda. La soda lina mawimbi katikati ambayo hunywa mate kama sifongo na kufanya ukungu ndani usikokuona. Kata vipande vinane vya sentimita 15 kwa 16, gundisha viwiliviwili, upate kurasa nne ngumu zenye picha pande zote. Picha ichukue 13 kwa 13. Sentimita mbili za upande wa mshono ziachwe tupu (kushoto kwa ukurasa wa mbele, kulia kwa wa nyuma), tatu za chini kwa ajili ya maneno yako.

Gundi nyeupe ya mbao ndiyo inayofaa, ikizimuliwa kwa matone machache ya maji. Uji wa unga wa ngano unashika vizuri, ila ukanda wa pwani utaalika mende kabla mwezi haujaisha. Paka gundi kwenye kadi, usiipake kwenye karatasi. Karatasi ikilowa inavimba na kuacha mapovu. Anza kubandika katikati ukisukuma kwenda pembeni, kisha weka kurasa zote chini ya kitu kizito, mfuko wa unga wa kilo tano unatosha, zilale usiku kucha. Anayeharakisha hupata kurasa zilizokunjamana kama kaukau.

Kufunika: selotepu pana ya kufungia maboksi, ile ya sentimita 5, kila mstari ukiupanda mwenzake kwa nusu sentimita, na kingo zote zikunjiwe upande wa pili. Laminesheni inapendeza zaidi, ila ina mitego miwili. Kwanza, usikate sawa na ukingo wa karatasi. Acha plastiki tupu ya milimita 5 kuzunguka, la sivyo mate yataingia na tabaka mbili zitaachana. Pili, pembe zake ni kali kiasi cha kumchoma mtoto jicho. Weka sarafu ya shilingi 200 kwenye kila pembe, chora, zungusha mkasi.

Pini za stepla hapana. Zinachomoka, na kinachochomoka kitaenda mdomoni. Toboa matundu mawili, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, pitisha utepe wa khanga au kitenge kwenye kila tundu, ufunge fundo kwa kulegeza kiasi cha kidole kupita. Ukikaza sana, kurasa hazilali na matundu yatachanika ndani ya wiki. Mkia wa utepe ukatwe. Utepe wote usizidi sentimita 20, kwa sababu kamba ndefu inaweza kumzunguka mtoto shingoni.

Kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu usijisumbue na rangi. Anaona vizuri kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni, na kinachomvuta ni weusi dhidi ya weupe: mistari minene, duara, uso. Kadi nne za kalamu nene zinatosha. Kuanzia miezi sita kitabu kinaonjwa kwanza, kinasomwa baadaye, na hilo ni jambo la kawaida. Usomaji wa dakika tatu ni somo kamili. Taja kitu, nyamaza, hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo. Wazazi wengi hujaza ukimya huo kwa maneno, na mtoto aliyekuwa anakaribia kujibu kwa kidole au kwa "ba!" anapoteza zamu yake. Kurudia kitabu kilekile mara ishirini kunamchosha mtu mzima peke yake.

Kitabu pekee hakitoshi. Kila ukurasa uwe na mwenzake wa kushikika. Hapa tovuti haina msaada kwa mtoto mdogo, utabuni mwenyewe. Ukurasa wa jikoni unakaa na kikapu cha vitu halisi: mwiko, kifuu kilichosuguliwa, kikombe cha bati, kipande cha khanga, brashi mpya ya kufulia. Vitano au sita kwa mara moja. Ukimwaga ishirini, atavitawanya bila kukitazama hata kimoja. Ukurasa wa kuoga unakaa na beseni la maji ya kina cha vidole viwili na vikombe vya kumimina, na wewe ukiwa palepale mkono ukifika. Hata maji hayo machache mtoto anaweza kuzama.

Kopo la kutumbukizia vitu ni la kuanzia mwaka mmoja. Chukua kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha plastiki, kata mwanya wa urefu wa sentimita 8, mpana kiasi cha kupitisha vitu vya kutumbukiza, lainisha kingo kwa kupitisha kijiko kilichopashwa moto, na ndani ya mdomo wa kopo hakikisha hakuna bati lililobaki kali. Watu hutumia vifuniko vya chupa za maji, na hapo ndipo hatari ilipo: kifuniko hicho kina upana wa sentimita 3 hivi, kipimo kinachoweza kuziba koo la mtoto. Tumia vifuniko vya makopo ya siagi ya karanga, sentimita 6 na kuendelea. Kipimo cha haraka ni kile kigogo cha katikati ya karatasi ya chooni: kinachopita humo kisiwe mkononi mwa aliye chini ya miaka mitatu. Maharage, njugu na shanga vinaanguka hapo hapo. Harage likiingia puani hunywa unyevu na kuvimba, kazi inakuwa ya daktari.

Ukitaka zisikike punje, zitie kwenye chupa ya plastiki ya nusu lita, zifike robo yake, paka gundi kali kwenye mistari ya mdomo inayokaza kifuniko, funga, zungushia selotepu, uache siku nzima ikauke. Kila wiki jaribu kuifungua kwa nguvu zako zote.

Unga wa kufinyanga: kikombe kimoja cha unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, kikombe cha maji, kijiko kikubwa cha mafuta, viwili vya maji ya limau. Koroga kwanza ukiwa baridi hadi mabuje yaishe, kisha moto mdogo huku ukigeuza, dakika tatu au nne, mpaka uachane na sufuria. Ukinata, haujaiva, ukipasuka, umekaa motoni sana, ongeza matone ya maji ukikanda. Mombasa, Tanga na Zanzibar unga huu utatoka jasho kwenye kopo, kwa sababu chumvi inavuta unyevu wa hewa. Nyunyiza unga kidogo, ukande tena. Wiki mbili ndiyo mwisho wake, au mapema ukinuka. Chumvi hiyo ni nyingi mno kumezwa, kwa hiyo anayetia kila kitu mdomoni apewe bonge la ugali uliopoa. Linafinyangwa vilevile.

Mwenye kutaka picha zaidi aongeze StoryWeaver, maktaba ya mtandaoni ya wachapishaji Pratham Books wa India, nayo ni ya bure na ina hadithi za Kiswahili, zikiwemo zisizo na maneno kabisa, ambazo kwa umri huu ni lulu. Michoro yake imekaa Kihindi, lakini paka ni paka.

Vitabu vinne vinamtosha mtoto kwa miezi mitatu. Zungusha viwili viwili. Futa kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, usivitumbukize majini, vianikwe vikiwa vimefunuliwa. Selotepu ikianza kuinuka, ibandue yote uweke mpya, kwa sababu kipande kilicholegea ndicho cha kwanza kutafunwa. Mtoto akishafunua ukurasa mmoja mmoja bila kuchana, kwa kawaida baada ya miaka miwili, jaribu karatasi nene bila kadi. Akifika mitatu, rudi kwenye tovuti uchukue ngazi ya pili na uchape faili kama lilivyo: sasa ni la kwake.