Sanduku la Kufuli Tatu: Tathmini ya Kifaa cha Vikundi vya Hisa

Kifaa ninachokitathmini hapa ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu, linalouzwa pamoja na vitabu vya hisa, muhuri, wino, mabakuli ya kuhesabia fedha na kikokotoo, kwa ajili ya vikundi vya kuweka na kukopa. Mfumo huu wa hisa ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, na sasa umeenea sana katika vijiji na mitaa ya Tanzania na Kenya.

Ubora wake mkubwa ni uwazi. Funguo hushikwa na wanachama watatu, na mtunza sanduku hawi mmoja wao. Katika kila mkutano mwanachama hununua hisa moja hadi tano, kila hisa ikagongewa muhuri kitabuni mwake, na nafasi zilizobaki hupigwa mstari papo hapo ili asitokee mtu wa kuongeza muhuri baadaye. Kabla sanduku halijafungwa, salio la mfuko wa jamii, yaani fedha za wanachama kusaidiana wakati wa dharura, hutangazwa kwa sauti, nao wanachama hulikariri hadi mkutano unaofuata. Naupenda sana utaratibu huu, kwa kuwa hata asiyejua kusoma anaweza kumhoji mweka hazina, na natamani kila asasi inayokusanya michango ya watu iwe nao.

Kwa mtu binafsi, faida iko katika kujua mapema atapata kiasi gani na lini. Mama lishe anayenunua hisa tatu za shilingi 2,000 kila wiki atakuwa ameweka shilingi 312,000 baada ya wiki 52, kabla ya kuongezewa sehemu yake ya riba ya mikopo. Hata hivyo, tarehe ya mgawo, yaani siku ambayo wanachama hugawana akiba na riba mwishoni mwa mzunguko, ndiyo inayoamua kama fedha hizo zitafanya kazi iliyokusudiwa. Ingawa shule za umma Tanzania hazitozi ada hadi kidato cha nne tangu 2016, Januari bado ina sare, viatu na madaftari, hivyo mzazi hunufaika zaidi na mgawo wa Desemba, ilhali mkulima anauhitaji kabla ya mvua za kupandia. Kikundi kinachovunja mzunguko mwezi Juni kwa sababu tu kilianza Juni huwapa wanachama fedha wakati hawana mpango nazo, nazo huyeyuka.

Kasoro zipo. Vitabu nilivyoviona havina mahali pa kuandika lengo la akiba, jambo ambalo lingemsaidia mwanachama kuliko mapambo ya jalada. Bati la sanduku tulilouziwa ni jembamba, na vipete vya kupitishia kufuli vililegea mapema. Zaidi ya hayo, mikopo yote hurejeshwa mwishoni mwa mzunguko, kwa hiyo sanduku hujaa fedha taslimu wakati ule ule ambapo mtaa mzima unajua kwamba mgawo umekaribia. Katika wiki hizo fedha zikae kwenye akaunti ya kikundi, benki au kwenye simu.

Kwa kikundi cha watu 15 hadi 25 ninalipendekeza bila kusita, mradi mchague lenye bati nene na muagize vitabu vya ziada. Kwa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi katika daraja la nne la watoa huduma hizo na kuvitaka visajiliwe, kwa hiyo viongozi washughulikie usajili kabla ya hisa ya kwanza kununuliwa.