Nyumba ya vyumba viwili Kiamunyi, Nakuru: kwa shilingi 18,500 kwa mwezi unapata nini hasa?

Mwenye haraka achukue uamuzi wangu hapa juu: kwa 16,000 niliyoingia nayo, nyumba hii ilistahili bei yake. Kwa 18,500 wanayodai sasa ni ghali, na wa kulaumiwa si kuta wala paa.

Jengo ni la ghorofa nne. Ukishuka matatu kwenye lami ya kwenda Eldama Ravine unatembea kama dakika kumi kwenye murram, na msimu wa kiangazi vumbi la Nakuru linakufikisha mlangoni ukiwa na nyusi nyeupe. Jina la ploti sitalitaja kwa sababu bado naishi humo na msimamizi ndiye anayenisaidia kupandisha mtungi wa gesi. Ndani kuna vyumba viwili vya kulala, sebule inayoingia makochi ya watu watano na meza, choo na bafu kila kimoja na mlango wake, na jikoni yenye makabati yanayofungika. Nalitaja hilo la makabati kwa kuwa nimewahi kupanga Kasarani nyumba ambayo kabati lake lilikuwa tundu ukutani. Roshani ya kuanikia nguo inatazama upande wa Menengai. Chumba cha pili kina giza. Hata saa sita mchana mtoto huwasha taa kufanya kazi ya shule.

Stima haina maneno. Kila nyumba ina mita yake ya tokeni. Ulizeni jambo hili kila mnapokwenda kuangalia nyumba, maana kuna ploti mjini ambako watu wanne wanachangia mita moja na ugomvi hauishi. Sauti ni jambo lingine: najua redio ya jirani yangu wa juu hufunguliwa stesheni gani, na saa ngapi.

Sasa maji. Maji yapo, na katika Nakuru hilo si dogo. Yanatoka kisima kirefu cha ploti, yanapandishwa kwenye matangi, na mimi hulipa kama 900 kwa mwezi. Lakini visima vingi vya Nakuru vina floraidi nyingi, ndiyo maana unaona watu wazima waliokulia huku wana meno ya rangi ya chai. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki pale pale. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe vinavyoiondoa, na vimetengenezwa hapa hapa Nakuru kwa miaka mingi, ila landilodi wetu hajaweka hata kimoja. Binti yangu ana miaka mitano, meno yake ya ukubwani yanajiunda sasa hivi ndani ya ufizi. Kwa hiyo maji ya kunywa na ya kupikia uji nanunua kwa jerikani, na hiyo ni karibu 1,500 kila mwezi ambayo haikuandikwa kwenye tangazo.

Mimi ni karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi mjini, kwa hiyo mnisamehe kwa kujumlisha. Kodi 18,500, maji ya mfereji 900, maji ya kunywa 1,500, taka na mlinzi 800, matatu ya kwenda kazini na kurudi karibu 3,000. Jumla 24,700. Mshahara wangu kabla ya makato ni 48,000. Mume wangu anaendesha lori la maziwa na tunasaidiana, lakini peke yangu ningekuwa naifanyia nyumba hii kazi zaidi ya nusu ya mwezi. Na katika makato hayo kuna 720 ya ada ya nyumba, ile asilimia 1.5 ya serikali, ninayolipia nyumba za bei nafuu huku nikitafuta pesa za kulipia hii.

Nilipomsomea kaka yangu hesabu hizi kwenye simu, alicheka mpaka nikakasirika. Anaishi Sacramento, mji mkuu wa jimbo la California. Chumba kimoja cha kulala, dola 1,950 kwa mwezi. Ukibadilisha ni zaidi ya laki mbili na nusu za Kenya. "Dada, nyinyi mko peponi na mnalalamikia mlinzi wa mlango," akasema. Nikamwambia asinibadilishie dola kwa shilingi, anieleze tu ni siku ngapi za mwezi anamfanyia kazi mwenye nyumba. Akanyamaza kidogo. Karibu nusu, akasema, naye ana umri wa miaka 44 na sebule yake amempangisha mwanafunzi ili apumue.

Tukabishana Jumapili nzima. Yeye anasema maji ya mfereji anakunywa bila wasiwasi, barabara haina vumbi, na maktaba iko hatua chache kutoka kwake, bure. Mimi nasema mtoto wangu akitoka shule kabla sijafika, anakula kwa jirani na hakuna anayeniletea bili. Yeye rafiki zake wanalipa malezi ya mtoto pesa inayokaribia kodi. Mama mboga wangu ananiandikia sukuma kwenye daftari mpaka tarehe tano. Yeye ana joto la kupita nyuzi 40 kiangazi, mimi nina baridi ya Julai na blanketi mbili. Na huko kuna jambo lililonishangaza: mzee jirani yake aliyenunua nyumba zamani analipa kodi ya ardhi kidogo sana kuliko kijana aliyenunua inayofanana nayo mtaa huo huo. Tangu mwaka 1978 sheria yao inaikadiria nyumba kwa bei iliyonunuliwa, na makadirio hayapandi kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka iuzwe. Aliyewahi, amewahi. Anayetafuta leo ndiye anayebeba.

Lakini alinishinda mahali pamoja. Ujumbe wetu wa kupandishiwa kodi ulikuja kwa simu, mistari mitatu: kuanzia mwezi ujao 18,500, na kila mpangaji aongeze 2,500 kwenye dipoziti ili ilingane na kodi mpya. Kutoka 16,000 hiyo ni zaidi ya asilimia 15 kwa mpigo mmoja. Kaka akaniambia kwao tangu 2020 kodi ya nyumba nyingi haiwezi kupanda kwa mwaka zaidi ya asilimia 5 na mfumuko wa bei juu yake, na hata mambo yakiharibika vipi haivuki asilimia 10. Nikapiga hesabu: yangu ingekomea 17,600. Dipoziti nayo, tangu Julai 2024, wenye nyumba wengi hawaruhusiwi kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja.

Kisha, kwa kuwa ni mtu asiyependa nifurahi muda mrefu, akaongeza kwamba jengo lisilotimiza miaka 15 haliguswi na kikomo hicho cha kupandisha. Letu lilijengwa 2019. Kwa hiyo hata California ningepigwa tu.

Hapa kwetu nilikwenda kuuliza. Baraza la kuamua kesi za kodi lipo kisheria, ila linashughulikia nyumba ambazo kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa pesa hiyo Nakuru ya leo utapata labda chumba cha mabati, choo nje. Sisi wengine tunategemea mkataba, na katika ploti yetu mkataba ni risiti ya mwezi wa kwanza na namba ya ajenti. Ajenti mwenyewe, nilipomwomba karatasi ya mwaka mmoja yenye bei iliyofungwa, alinijibu kwamba Nakuru sasa ni jiji. Ni kweli, tangu Desemba 1, 2021. Lakini jiji halijanifikishia lami, wala halijayachuja maji yangu, kwa hiyo sioni nalilipia nini.

Hicho ndicho kinachoipunguzia nyumba hii alama. Kwa ujenzi ningeipa nane juu ya kumi, kwa usalama tisa, maana tangu niingie hakuna aliyepoteza hata sufuria roshanini. Kwa namna wanavyomtendea mpangaji, tatu. Ningelipa hata 18,500 bila kunung'unika kama ningejua kwamba mwaka ujao haitakuwa 21,000.

Sihami kwa sasa. Shule ya mtoto iko umbali wa kutembea, na nikihamia Naka au Section 58, mitaa iliyo karibu na mji, nitaokoa nauli na kuimaliza kwenye kodi. Wapangaji wa ghorofa yetu tumeandika barua moja, tumetia sahihi sote, tunaomba mkataba wa mwaka na kichujio kimoja cha pamoja kwenye tangi. Majibu hayajaja.

Ghorofa ya tatu kuna moja imebaki wazi, bango liko getini. Ukienda kuiona, nenda jioni saa moja, wakati kila mtu anaoga, ufungue mfereji wa jikoni uone kama maji yanapanda. Ingia chumba cha pili bila kuwasha taa. Usitoe dipoziti siku hiyo hiyo hata ajenti akikuambia kuna mwingine njiani. Alituambia hivyo sote. Na uombe karatasi kwanza. Tukiwa wengi tunaoiomba, huenda akachoka kutuambia habari za jiji.