Uzoefu wangu: kuuza Kombi ya 1973 Moshi, kwa yadi, kwa dalali na mwishowe mwenyewe

Kama una Volkswagen Kombi ya zamani, umeikarabati kidogo, na unataka kuiuza Moshi au Arusha, hukumu yangu ni hii: usiipeleke yadi, kwa dalali nenda na masharti ya maandishi, na ukiweza iuze mwenyewe. Ila kabla hujaitangaza, andaa faili linaloonyesha kilichofanyika na kisichofanyika. Nimepita njia zote tatu na gari hilohilo, na kilicholeta mteja wa kweli ni lile faili.

Nianze na gari lenyewe. Ni Kombi ya kizazi cha pili, ile ya kioo kimoja kipana mbele, ambayo ilianza kutoka kiwandani mwaka 1967 kuchukua nafasi ya ile ya vioo viwili. Yangu ni modeli ya 1973, indiketa za mbele ziko juu kando ya grili ya hewa, wakati za miaka ya kabla yake zilikaa chini karibu na bampa. Injini ni 1600, iko nyuma, inapozwa kwa hewa, haina rejeta. Usukani kulia, kadi ya Tanzania, namba ya usajili ya herufi A, zile za zamani. Niliinunua kwa mzee mmoja wa Machame aliyekuwa ameihifadhi ndani ya banda kwa miaka mingi, na hilo banda ndilo lililoiokoa. Kombi zilizokaa Tanga au Dar utazikuta chumvi imekula sakafu na boriti za pembeni. Hii ilikuwa na kutu sehemu mbili tu, chini ya betri na kwenye pembe za chini za kioo cha mbele.

Nikisema ukarabati kidogo namaanisha hivi. Kutu ile ilikatwa, likachomelewa bati jipya, haikufukiwa kwa pati, lile rojo la kuziba mashimo ya bodi. Mipira yote ya petroli ilibadilishwa. Hili ningelifanya hata kama gari lingekuwa la kuuza kesho yake, kwa sababu kwenye injini hizi mipira hiyo inapita juu ya injini yenye joto kali, ukipasuka mmoja petroli inadondokea hapo hapo, na bloku lenyewe lina madini ya magnesi ambayo yakishika moto kuyazima ni kazi. Kombi nyingi zimeteketea hivyo. Breki zilifanywa upya magurudumu yote. Vali zilipimwa injini ikiwa baridi na kuwekwa milimita 0.15. Mabati na mipira inayozunguka injini ilirudishwa mahali pake, maana fundi asiyezijua injini hizi huyaona mabati yale kama mapambo na kuyatupa, kumbe ndiyo yanayozuia hewa ya moto ya chini isirudi kwenye feni.

Ndani, seremala wa Majengo alinitengenezea kiti kinachokunjuka kuwa kitanda, kabati mbili, na sehemu ya jiko la gesi la plate mbili. Betri ya pili kwa ajili ya taa. Paa ni la kawaida, halinyanyuki.

Na ambayo sikuyagusa: rangi ni ya zamani, krimu na kijani, imepauka na ina mikwaruzo. Injini haijafunguliwa. Gia ya pili inakwaruza kidogo asubuhi mpaka gari lipate moto.

Yadi

Nilianzia yadi moja ya Arusha kwa sababu wateja wa magari wengi wako huko. Kijana aliyenipokea alitazama namba kabla ya kutazama gari. "Namba A? Bosi, hiyo ikienda sana ni milioni nne."

Sikumlaumu. Yadi zetu zinapanga bei kwa herufi, namba C bei hii, namba D bei ile, namba E juu zaidi, na kwa Toyota kama Noah au IST hesabu hiyo ina mantiki. Mnunuzi anataka kujua gari limepigwa na barabara zetu kwa muda gani. Kwa Kombi hesabu hiyo inageuka. Namba A inamaanisha gari liko nchini tangu zamani na ushuru wake ulishamalizika, wakati ukitaka kuagiza gari la umri huo kutoka nje leo utatozwa ushuru wa kawaida na juu yake ushuru wa uchakavu. Nilimweleza, akanisikiliza kwa adabu, akaandika bei niliyotaka. Lakini mteja akifika alikuwa anamwambia yale ya milioni nne.

Kilichonifanya niiondoe ni matunzo. Waliianika juani, na kila aliyeulizia waliiwasha ikiwa baridi na kuikanyagia mafuta hapo hapo ili isikike inavyonguruma. Injini inayopozwa kwa hewa inahitaji oili ifike juu kwanza, na oili yenyewe ni lita mbili na nusu tu. Nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya mlinzi, aliyeifunika turubai mvua ilipoanza bila kuambiwa na mtu.

Dalali

Moshi dalali alinifuata mwenyewe. "Mangi, hiyo gari nipe mimi, wazungu wa Shanty Town nawajua." Ni kweli anawajua. Watu aliowaleta walikuwa na pesa na walikuwa na nia, na kwa hilo nampa haki yake.

Matatizo yalikuwa mawili. La kwanza, cha juu. Nilimwambia nataka milioni ishirini na nne, yeye akatangaza thelathini, ili inayozidi iwe yake. Dalali anastahili malipo, siyo senti za huruma, kazi ya kutembeza gari na kupokea simu usiku ni kazi. Lakini malipo yake yawe asilimia inayojulikana na pande zote. Cha juu kinamfukuza mteja mzuri kabla hujamwona, na akija kujua bei yako ya kwanza anahisi na wewe ulikuwa kwenye mchezo.

La pili ndilo lililoniuma. Tangazo lake lilisema: "Injini mpya, haina kutu, haidai chochote, ni kuwasha na kuondoka." Baba mmoja alipanda basi toka Babati na mwanawe kwa ajili ya maneno hayo. Alipoiona rangi na kusikia gia ya pili akanyamaza, kisha akaniambia, "Kijana wangu, gari ni zuri, lakini mimi niliitwa kuja kuona gari jingine." Nilimrudishia nauli. Kuanzia siku hiyo dalali hakuandika tena tangazo la gari langu.

Ukimtumia dalali, andikianeni: bei ya kutangaza ni hii, asilimia yake ni hii, hakuna cha juu, na maneno ya tangazo ni ya mwenye gari. Wapo wanaokubali. Nyota tatu, kwa sababu ya watu anaowajua.

Kuuza mwenyewe

Kwanza nilikagua kadi. Kadi ya gari ina namba ya chesisi, namba ya injini na rangi, na Kombi nyingi zimebadilishwa injini njiani bila kadi kurekebishwa. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, chini ya kitako cha dinamo. Namba ya chesisi imegongwa ndani ya chumba cha injini upande wa kulia. Kwa modeli za miaka hiyo namba yenyewe inaongea: tarakimu mbili za mwanzo zinataja aina, 23 ikiwa ni Kombi, na ya tatu ni tarakimu ya mwisho ya mwaka wa modeli, kwa hiyo yangu inaanza na 233. Mtu akikuuzia "Kombi ya 1973" na namba inaanza na 219, unajua mwenyewe. Zangu zilikubaliana na kadi, nikazipiga picha pamoja na kadi pembeni.

Kisha picha. Nililaza mkeka chini ya gari nikapiga sakafu yote, boriti, mahali pa jeki, chini ya betri ambapo palichomelewa. Nilipiga mikwaruzo kwa karibu. Nikarekodi video ya kuiwasha asubuhi ikiwa baridi kabisa, bila kukata. Risiti za spea na karatasi ya fundi nikaziweka kwenye faili moja, na tangazo nikaliandika hivi kwenye Facebook na makundi ya WhatsApp:

"Kombi ya kulala ndani, modeli 1973, injini 1600 haijafunguliwa, namba za kadi na gari zinafanana. Kutu ilichomelewa sehemu mbili, picha zipo. Rangi ya zamani, haijapigwa upya. Gia ya pili inakwaruza ikiwa baridi. Ipo Moshi. Milioni 26, maongezi yapo ukishaiona."

Simu zikabadilika. Waliotaka kujua tu bei ya mwisho walipungua, wakaja wenye maswali. Mwenye mgahawa Njiro alitaka aikate ubavu aweke kaunta ya kahawa. Nilimwambia ukweli kwamba kwa kazi hiyo atafute bodi isiyo na injini, atalipa pesa ndogo zaidi. Mwingine alitaka injini tu. Mkenya mmoja wa Nairobi alikuwa tayari kuja kupitia Namanga wikiendi hiyo, mtu muungwana kabisa, lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na hili limezidi hamsini. Nilimweleza kabla hajatumia mafuta yake.

Walionunua ni mume na mke wa Usa River, wanafanya kazi za utalii na walitaka gari la kwenda nalo mapumziko wao na watoto. Mke ndiye aliyekuwa na faili mkononi, ukurasa kwa ukurasa. Walikuja na fundi wao toka Unga Limited, mzee wa makamo, na hapo nilifurahi, kwa sababu fundi wa upande wa pili ndiye anayekupa bei halali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nifungulie huku nyuma."

Alianza kwa kunusa. Kweli, aliinamisha kichwa chumba cha injini akanusa petroli kabla ya kugusa kitu. Akashika mipira mmoja mmoja. Akatoa plagi zote nne akapima mgandamizo, akianza na silinda ya tatu, ambayo mafundi wa siku nyingi wa injini hizi wanaihofia kwa joto. Zote zikawa karibu sawa. Akalala chini na sumaku ndogo mfukoni, akaipitisha penye bati jipya kuona kama inashika au kama pale pamejazwa pati. Ikashika.

Halafu tukaenda barabarani. Ukiwa Moshi, njia ya kujaribu Kombi ni moja: nenda Himo kwa mwendo wa kawaida, kisha panda Marangu. Kutoka Himo barabara inapanda mfululizo na injini ya hewa haiwezi kuficha kitu hapo. Mume aliendesha, nilimwomba asing'ang'anie gia ya nne, ashuke ya tatu mapema ili feni izunguke haraka zaidi. Tulipofika Marangu Mtoni mzee akasema zima. Tukakaa kwa muda injini ikiwa ya moto, kisha akasema washa. Ikawaka. Alinigeukia akaniambia, "Gia ya pili uliyoandika, nimeisikia. Ipo hivyo ulivyoandika." Nadhani hapo ndipo gari lilipouzika.

Tulimalizana milioni 23 na laki tano. Walipunguza laki kadhaa kwa ajili ya gia, na nilikubali kwa sababu waliipunguza kwa jambo nililolisema mwenyewe, hawakubuni kasoro.

Upande wa makaratasi, wakili alitayarisha mkataba wa mauziano wenye picha zetu, namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) na za mlipakodi (TIN) za pande zote mbili, akagonga mhuri. Tuliangalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari kwenye simu, hakukuwa na kitu. Waliuliza kuhusu malimbikizo ya leseni ya barabara ya kila mwaka, swali ambalo wanunuzi wengi bado wanaliuliza ingawa ada hiyo ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta. Pesa iliingia benki kwa benki, nikaiona kwenye akaunti, ndipo funguo zikatoka. Uhamisho wa umiliki ulifanyika kwenye mfumo wa mamlaka ya mapato, TRA, na sikuridhika na nakala ya mkataba peke yake, nilifuatilia mpaka kadi ikasoma jina jipya, kwa sababu mpaka hapo faini ya kamera au ajali yoyote inamtafuta aliye kwenye kadi. Kwa huduma ya wakili na mfumo wenyewe natoa nyota nne, ya tano ilipotelea kwenye kusubiri mtandao.

Kwa kuuza mwenyewe natoa nyota tano. Spea nilizobaki nazo, kebo ya klachi, mkanda wa feni na kabureta la akiba, niliziweka chini ya kitanda pamoja na faili.