Eti "Mama Salma" sio jina: yaliyonikuta na programu ya kutunza wateja

Naandika hii bado nina hasira kwa hiyo mnivumilie. Jina la programu siliweki, kwanza sitaki kesi, pili, mtaona huko chini, bado naitumia na hata mimi mwenyewe najishangaa.

Sisi tunauza pampu za maji, matanki na mabomba, Gerezani pale Kariakoo. Duka lenyewe mlango mmoja lakini wateja tunao mpaka Masasi, Tunduru, Songea, halafu kuna Wakomoro na Wakongo wanaokuja mara mbili tatu kwa mwaka, wanafunga mzigo wanaondoka, hamuonani tena mpaka mzigo uishe. Miaka yote hiyo wateja walikuwa wanakaa sehemu mbili, kwenye kaunta buku ambalo mende wameshalila pembeni, na kwenye simu za vijana wa mauzo. Basi kijana mmoja akaacha kazi, akahamia mtaa wa pili kwa mtu anayeuza vitu vilevile tunavyouza sisi, akaondoka na simu yake, na simu ilivyoondoka ikaondoka na Tunduru nzima. Yaani Tunduru yote. Mtu anapiga dukani anauliza "yule kijana yupo?", ukimwambia hayupo anakata. Ndio bosi akaja asubuhi moja kanuna akasema dada, hebu tafuta hizo programu za kutunza wateja, hela ntatoa.

Nikatafuta. Wakaja watu wa mauzo wa hiyo kampuni wamechomekea, wakatufungulia demo kwenye kompyuta yao, kila kitu kinang'aa, na kwenye demo kila mteja ana jina la kwanza, jina la ukoo, cheo na kampuni anayofanyia kazi. Pale pale ningeshtuka. Kariakoo nani ananunua tanki kwa cheo?

Kuingiza wateja peke yake ilikuwa adhabu ya siku nne, kijana wa stoo ananisomea kwenye buku mimi naandika kwenye Excel. Na hapa kosa la kwanza ni langu, nakubali. Ukiandika namba inayoanza na sifuri kwenye Excel bila kuiambia mapema kwamba hiyo kolamu ni maandishi, sifuri inaliwa, 0754 inabaki 754. Ukijifanya mjanja ukaanza na 255 ndio unakuta 2.55754E+11, namba ya mtu imegeuka hesabu za form four. Nikafuta nikaanza upya. Wakomoro nao programu ikawakataa, inasema namba fupi, kumbe namba za Komoro baada ya +269 zina tarakimu saba tu na hawa jamaa wameiweka sistimu yao idhani dunia nzima ni Tanzania. Sawa, hayo yote nilimeza. Sio yaliyonifanya niandike.

Kilichonifanya niandike ni Mama Salma.

Kwenye buku letu Mama Salma wako watano. Kuna Mama Salma wa Masasi, huyo ni mteja mkubwa, tunampa mali kauli, anachukua pampu anauza kwa wakulima halafu analipa msimu ukifika. Kuna wa Tandika, mama lishe, alinunua tanki la lita 1,000 kwa kudunduliza. Kuna wa Mchikichini, kuna wa Mbagala, na kuna mmoja ambaye, Mungu nisamehe, ni mama mkwe wa bosi. Kwenye buku kila mmoja kaandikwa Mama Salma na ukurasa wake, na hakuna hata siku moja tuliwachanganya kwa sababu binadamu ana akili, akiona "Masasi" pembeni anajua.

Programu haina hiyo akili. Kwenye kupakia faili kuna kiboksi kidogo kimeandikwa unganisha majina yanayofanana, na kile kiboksi kilikuja kimeshapigwa tiki, mimi sikukipiga, naapa. Ikawachukua Mama Salma wote watano ikawafanya mtu mmoja, kadi moja, namba tano, deni moja. Na mimi sikujua. Nikaona tu wateja wamepungua kutoka mia nne na kitu mpaka mia tatu na kitu, nikasema aah labda tuliandika watu mara mbili mbili, maana ni kweli kuna walioandikwa mara mbili.

Sasa sistimu ina kitu cha kutuma meseji za kukumbushia madeni yenyewe, ikifika tarehe inatuma. Ikafika tarehe. Ikatuma. "Ndugu Mama Salma, unakumbushwa deni lako la shilingi 1,340,000." Ikaenda namba zote tano.

Bosi alipigiwa na mkewe kabla hajamaliza chai. Hayo ya mkwe siyaelezi, yalikuwa ya kwao, ila siku ile bosi alikuwa akipita mezani kwangu ananiangalia tu. Aliyeniua mimi ni wa Tandika. Mchana hivi namuona anaingia, kavaa kanga mbili, jasho linamtiririka, kapanda daladala kwenye jua lile. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Akakaa kwenye benchi, akafungua pindo la kanga, akatoa elfu ishirini imekunjwa kunjwa, akaniambia mwanangu mimi nilijua nilimaliza mwaka jana, lakini kama kwenye kompyuta linaonekana basi nimesahau mimi, pokea hii ya kuanzia, nyingine niachie mpaka mwisho wa mwezi. Huyu mama alimaliza deni lake! Risiti anayo! Yaani mtu ana risiti ndani kwake lakini kwa sababu imesema kompyuta anajitilia shaka mwenyewe. Nilimrudishia hela yake, nikamnunulia soda, nikamuomba radhi, akasema haina shida mwanangu, na alivyosema haina shida ndio nikazidi kujisikia vibaya.

Nikapiga simu kastama kea. Muziki, muziki, muziki, nimekata nimepiga tena, muziki. Mwishowe kapokea kijana mmoja. Namuelezea. Nataka tu arudishe ilivyokuwa. Anasema kurudisha haiwezekani, muda wa kurudisha umeshapita, ni masaa ishirini na nne tu. Masaa ishirini na nne! Google Contacts ambayo ni ya bure inakuruhusu kurudi nyuma mpaka siku 30, nyie tunawalipa kila mwezi mnatupa siku moja? Hapo ndio akaniambia, nanukuu kabisa kwa sababu niliandika:

"Dada, kwani hao wateja wako hawana majina?"

Nikamwambia wanayo, Mama Salma ndio jina.

"Mama Salma sio jina dada, hicho ni cheo."

Nilinyamaza. Huyu mtoto naye kazaliwa na nani, si na mama fulani? Mama yake mtaani kwao wanamwitaje? Mtu akizaa mtoto wa kwanza jina lake la zamani linawekwa kabatini, mtaa mzima unamjua kwa mtoto, ukienda ukauliza jina la kwenye kitambulisho cha NIDA hata jirani wa ukuta kwa ukuta halijui. Na hii ni kampuni ya hapahapa Dar, sio kwamba waliitengeneza Uswisi. Nikapandisha, nikamwambia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, nyie mmetangaza deni la mtu kwa watu wanne, ntawapeleka Tume. Akanijibu taratibu kabisa kama anasoma mahali, kwamba kwa mujibu wa hiyo sheria mkusanyaji wa taarifa ni nyinyi dukani, sisi ni wachakataji tu. Kinachouma, nilikuja kuuliza kwa mtu anayejua, akaniambia hapo kijana hajakosea, sisi ndio tumezikusanya. Hasira ikapanda mara mbili. Programu naipa nyota moja, ningeweza kutoa nusu ningetoa nusu.

Mama Salma wa Masasi akakata mawasiliano. Yeye ndiye mwenye deni la kweli, lakini yule Mama Salma wa Mbagala ni ndugu yake wa mbali (haya tungeyajuaje?), akampigia kumpa pole ya kudaiwa. Aibu iliyoje. Hapokei simu.

Ikabidi nitengeneze mwenyewe. Wiki mbili, baada ya saa za kazi, buku upande huu kompyuta upande huu. Na humo ndio nimejifunza vitu ambavyo wale wa demo hawakunifundisha. Kwanza kile kiboksi nimekizima kabisa. Pili jina siliamini tena, mtu kwangu ni namba ya simu, jina ni la kuitia tu, nikaandika "Mama Salma Masasi" yote kwenye jina la kwanza na kwenye jina la ukoo nikaweka nukta, maana sehemu hiyo haikubali kuachwa wazi. Cheo nimekigeuza. Pale penye cheo naandika nani hasa anapokea simu, kwa mfano "anapokea mtoto wake, yeye mpigie baada ya magharibi". Penye kampuni naandika anachonunua. Yaani nimewageuzia programu yao kama kanzu iliyoshonwa upya, na ndio ikaanza kunikaa.

Halafu kuna kitu nilikuwa nakidharau, sehemu ya kuandika maelezo baada ya kuongea na mteja na kuweka siku ya kukukumbusha. Sentensi moja tu, simu ikishakatika unaandika hapohapo kabla hujaanza stori nyingine. Nikawalazimisha na vijana wa mauzo, mwanzoni wanaandika "nimeongea nae, fresh", fresh ndio nini sasa, nikawaambia andikeni alichosema. Sasa hivi wanaandika "anasubiri fundi amalize kuchimba kisima, kasema mita 80, atahitaji pampu ya kuzamisha". Hiyo ni hela imelala pale.

Basi siku moja nafungua asubuhi inanitolea kikumbusho nilichokuwa nimeshasahau kama niliweka: "Mama Salma Masasi. Minada ya korosho imeanza. Msalimie, USIMDAI." Kule Kusini minada ikishaanza, Oktoba hivi, hela inapita AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, inaingia kwa mkulima, na mkulima akishaipata ndio anakumbuka pampu. Nikampigia baada ya magharibi. Akapokea. Nimemsalimia, nimeuliza hali ya watoto, nimeuliza bei ya mnada, deni sikuligusa. Akaongea yeye mwenyewe: "Ile meseji yenu iliniumiza." Nikamwambia mama, iliniumiza na mimi, nikamsimulia ya mama wa Tandika na elfu ishirini yake. Kimya kidogo. Ndani ya wiki hiyo alilipa zaidi ya nusu ya deni na akachukua pampu nyingine tatu, nikampandishia kwenye basi. Bila kile kikumbusho nisingempigia simu, naogopa, naona aibu, siku zinapita. Hapo nikapandisha nyota mpaka tatu. Nne, siku ile ile kwa furaha, nne.

Nikasema nifaidi zaidi, nikahamishia wateja kwenye WhatsApp Business niwatumie bei mpya. Nako kuna mtego, orodha moja ya kutuma kwa pamoja inabeba watu 256 tu, na asiyekusevu kwenye simu yake haimfikii hata ukiituma mara kumi. Nusu ya Wakongo hawajatusevu. Hilo sio kosa la programu lakini na lenyewe limenikera, naliweka humuhumu.

Halafu mwezi uliopita wameleta apdeti na kiboksi kile kimerudi na tiki yake. Kimerudi! Niliwahi kukiona tu kwa bahati kabla sijapakia wateja wapya wa Songea. Sasa mtu kama sio mimi, amekaa tu binti mgeni kazini, si wangeunganishwa tena? Nyota mbili.

Juzi kapiga yuleyule kijana wa cheo, sauti nimeijua hapohapo, ila imekuwa asali. Dada yangu habari za siku nyingi, usajili wenu unakaribia kuisha, mkilipia mwaka mzima kuna punguzo. Nikamwambia sawa, ila kabla sijakujibu, hapo kwenye simu yako mimi umenisevu kwa jina gani?

Akajifanya hajasikia. Nikarudia.

"Dada Pampu Gerezani."

Nikamuuliza na la ukoo je? Akacheka, nikacheka na mimi, hasira yote ikanitoka kama dakika tatu hivi. Nimemwambia bosi alipie miezi mitatu, mwaka mzima wasahau.