Seiko 5 za zamani Arusha na Moshi: inayong'aa sana itilie shaka

Kwa anayetaka saa ya zamani ya otomatiki, Seiko 5 yenye mashine ya 7009 tunaipendekeza, ila kwa masharti. Haina betri, na fundi saa mzoefu haiogopi. Shida ni kwamba nyingi zimepakwa rangi upya usoni, au zimeungwa kwa vipuri vya saa tatu tofauti.

Anzia nyuma. Kwenye kifuniko kuna namba kama 7009-876A: nne za mwanzo ni mashine, zinazofuata ni bodi, yaani kasha la saa. Sasa chukua lenzi usome maandishi madogo kabisa usoni, chini ya namba 6. Yakianza na 6119 badala ya 7009, uso huo umetoka saa nyingine. Yakiwa hayapo, huenda umepakwa upya. Mashine ya 7009 ina vito 17 (vijiwe vinavyoshika mihimili ya magurudumu), kwa hiyo uso unaojinadi "21 JEWELS" ni kimeo. Herufi za kiwandani zina kingo kali. Za kupakwa upya zimevimba, na mistari ya dakika imepinda au haikai sawa na alama za saa. Uso wenye madoa mawili matatu una thamani kuliko unaometa kama sahani mpya. Mishale nayo, kama unga wake wa kung'aa gizani ni mweupe ilhali wa usoni umegeuka manjano, imebadilishwa.

Tarakimu ya kwanza ya namba ya toleo, ile nyingine iliyoko kwenye kifuniko, ni mwaka, lakini muongo hautajwi: 8 yaweza kuwa 1978 au 1988.

Mashine hii haijazwi kwa kitufe. Itikise taratibu nusu dakika. Mshale wa sekunde uteleze, hatua sita kila sekunde. Ukiruka mara moja kwa sekunde, ndani wameweka mashine ya betri. Ilaze chali, kifudifudi, kisha isimamishe kwa ubavu. Ikigoma mkao mmoja, mara nyingi mafuta yamekauka au mhimili wa gurudumu la mizani, lile linaloyumba kupanga mwendo wa saa, umelika. Ukisikia mkwaruzo ukiitikisa, chuma kizito cha nusu duara kinachozunguka kuijaza saa kinagusa kifuniko kwa kuwa beringi yake imechoka.

Usibadilishe tarehe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, utavunja meno ya magurudumu ya tarehe. Ikigeuka saa sita mchana si ubovu: sogeza mishale mbele saa kumi na mbili.

Maandishi ya kuzuia maji yapuuze. Mpira wa kifuniko umeshakakamaa, na masika ya Moshi hayatabisha hodi.