July, July: riwaya iliyonirudisha kwa wenzangu wa chuo

Nimeinunua shilingi elfu tatu kwa muuza vitabu vya mtumba huku Ngamiani, Tanga, jalada limelika pembe. Ni riwaya ya Kiingereza ya Mmarekani Tim O'Brien, iliyotoka mwaka 2002. Siku nne tu nikaimaliza, na usiku wa mwisho nililala saa nane.

Waliomaliza chuo mwaka 1969 wanakutana tena Julai 2000, chuoni kwao Minnesota. Wameshapita hamsini. Wanacheza muziki, wanalewa, wanatafutana kwa macho. Katikati ya usiku huo mwandishi anamrudisha kila mmoja pale maisha yake yalipokata kona. David Todd alipoteza mguu Vietnam. Billy McMann alivikwepa vita hivyo hivyo, akakimbilia Winnipeg, Kanada, akijua mpenzi wake Dorothy wanaondoka naye. Dorothy hakutokea uwanja wa ndege. Sasa wako ukumbi mmoja, na Billy bado ana donge.

Hapo nilikifunga kitabu, nikatoka barazani.

Sisi chuo cha ualimu tulikuwa sita, tukila sinia moja. Sherehe ya kukutana hatujawahi kuifanya, tunakutana misibani. Mara ya mwisho ilikuwa Muheza, tulipomzika wa kwanza wetu. Tulikaa mkekani chini ya mchungwa, vipara na mvi, na wawili kati yetu walikuwa hawasemezani tangu chuo, kwa sababu ya posa. Wali ulipoletwa, mmoja akachukua birika, akammiminia mwenzake maji ya kunawa. Yule akanawa taratibu mno, mpaka vidole vya mwisho. Hakuna aliyesema neno. Na kwenye riwaya pia kuna wawili waliokwisha kufa, wenzao wanawakumbuka siku hizo hizo.

Kasoro ipo: wahusika ni wengi, ilibidi niyaandike majina nyuma ya bahasha. Ile sauti ya redioni inayomsemesha David akiwa majeruhi ilinichosha mwanzoni, hadi nilipoona inamwambia mambo ambayo angetamani asiyajue. Sura ya Dorothy, aliyekatwa titi kwa saratani, niliisoma mara mbili.

Kama una miaka arobaini na kitu na Kiingereza hakikusumbui, itafute. Yangu nimempa yule aliyemimina maji, anakaa Pongwe. Jana usiku kanipigia: kafika pale uwanja wa ndege.