Matofali ya kuchoma ya Iringa: yanafaa kwa ukuta wa bustani, ila yafuate tanurini mwenyewe

Mwezi Septemba, kabla mvua za Novemba hazijaanza, nilinunua matofali 1,100 ya kuchoma kwa mchomaji mmoja wa kando ya mto Ruaha Mdogo, kwa shilingi 150 kila moja, usafiri ukiwa juu yangu, ili nijenge kwa mikono yangu ukuta wa bustani wenye urefu wa mita 8 na kimo cha mita 1. Mimi si fundi. Ninaandika tathmini hii kama mnunuzi ambaye sasa ukuta wake umesimama.

Tofali lenyewe lilikuwa na urefu wa sentimeta 22, upana wa 10 na kimo cha 7, likipishana na mwenzake kwa nusu sentimeta hivi, jambo ambalo kwa tofali lililofyatuliwa kwa kibao cha mbao silioni kuwa kosa. Ukiacha nafasi ya udongo wa saruji ya sentimeta moja na nusu, mita moja ya mraba hula matofali 50 kwa safu moja, na kwa kuwa nilijenga safu mbili zilizoshikana, hesabu yangu ilikuwa 100 kwa mita ya mraba, ukiongeza kozi mbili, yaani mistari miwili ya matofali yaliyolazwa, zilizozama ardhini juu ya zege. Safu mbili zisipofungwa zitaachana, kwa hiyo baada ya kila kozi tatu nililaza kozi moja ya matofali yaliyokingama, ambayo urefu wake wa sentimeta 22 ulitosha kabisa unene wa ukuta.

Tatizo la tanuri la kienyeji, na hili ndilo la kuangalia kabla ya kutoa fedha, ni kwamba moto haufiki sawasawa kila mahali. Matofali ya katikati huiva vizuri, yaliyo karibu na midomo ya kuni huungua mpaka yakapinda, na yale ya nje, nyuma ya tope la kusiriba, hubaki na rangi ya chungwa iliyopauka kwa sababu joto limeishia hewani. Mzee wa tanuri, baada ya kunisalimu kwa Kihehe, "kamwene", na kunikaribisha kivulini, alinigongea matofali mawili ya katikati yakalia kwa mlio mkali kama vyuma. Nikaridhika upesi mno. Mzigo ulipofika nyumbani, kama 90 kati ya matofali yale yalitoa mlio mzito, na moja nililolilaza kwenye ndoo usiku kucha liliamka likimomonyoka pembeni kwa ukucha tu. Nilipompigia simu hakubishana. Aliniambia, "Ulete hayo mabichi, mwanangu, uchague mengine," na kweli nikachagua, safari hii nikiligonga kila tofali mwenyewe. Kwa uungwana huo ningerudi kwake, ingawa nauli ya mara ya pili ililipwa na mimi.

Yaliyoiva hayana lawama, mradi uyaloweke. Tofali kavu la kuchoma hunyonya maji ya mchanganyiko kabla saruji haijashika, na kozi yangu ya kwanza kabisa, niliyoijenga kwa matofali makavu kwa ubishi, niliibomoa kesho yake kwa mkono mtupu. Baada ya hapo niliyazamisha kwenye pipa hadi mapovu yakome, nikayaacha yachuje kidogo, nikatumia saruji ndoo moja kwa mchanga ndoo tano, na mpaka leo hakuna kiungo kilichopukutika.

Siwezi kukisifu kifaa kimoja nilichonunua duka la vifaa vya ujenzi mjini, nacho ni pimamaji, kile cha kupimia usawa kwa kipovu, ya bei ya chini. Kufikia kozi ya tatu upande mmoja ulikuwa umeshuka sentimeta 2, na jirani yangu fundi, badala ya kunicheka, aliiweka pimamaji ile juu ya ubao, akatazama kipovu kilipotulia, kisha akaigeuza kichwa kuwa mkia mahali palepale. Kipovu kilihamia upande wa pili. Pimamaji nzuri ikigeuzwa hivyo kipovu chake hurudi palepale, na jaribio hilo la nusu dakika lingefanyika dukani. Kazi iliyobaki niliimaliza kwa mpira wa maji wa kupimia usawa, kamba, na timazi ya kupimia wima, vitu ambavyo kwa pamoja vilinigharimu pungufu ya pimamaji hiyo.

Kwa ukuta wa bustani ambao hautapigwa plasta, sioni sababu ya mkazi wa Iringa kununua tofali la saruji, maana rangi nyekundu ya kuiva inajitosheleza bila rangi ya kopo. Kozi ya juu kabisa ndiyo sijaifunika, na kabla ya Novemba nitarudi kwa mzee yule kuchukua matofali mengine 70, kutoka katikati ya tanuri.